Njia Ina Mtu

Taa ya stesheni iliwaka nyekundu, na juu ya reli hapakuwa na treni.

Fundi miwani alikuwa amekishika kichwa cha treni yake ya kuchezea mkononi, anakipuliza vumbi. Mabehewa yote yalikuwa ndani ya boksi. Akainama chini ya meza, akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole, akakuta kila kitu kiko mahali pake. Alipoinuka, taa ya stesheni ilikuwa imerudi kijani, na sasa ya darajani ndiyo nyekundu. Baadaye kidogo ya darajani ikarudi kijani, ikawaka nyekundu ya kwenye kona. Taratibu, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

"Shoti tu hiyo," alijiambia.

Taa zile alizitengeneza mwenyewe, na alizijivunia kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza. Nguzo zake zilikuwa mirija ya kalamu za wino. Vioo vyekundu na vya kijani alivikata kwenye mabaki ya lenzi za miwani ya jua, akavisaga mpaka vikawa vidogo kama punje. Reli alizigawa vipande, kila kipande na taa yake. Magurudumu yakikanyaga kipande, umeme unapita na taa inawaka nyekundu: njia ina mtu, ngoja. Yakitoka, inarudi kijani. Hapakuwa na swichi ya kubonyeza. Majirani walimcheka, mzee mzima anacheza na treni, naye aliwajibu kwamba afadhali treni kuliko umbea.

Meza ilikaa chumba cha nyuma, stesheni ikiwa imeegemea ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo alilala binti yao wa mwisho, waliyemwita Kitinda, aliyerudi kwa wazazi kujifungua kwa sababu mumewe alikuwa kazini mbali. Mimba ilikuwa imetimia, siku yoyote.

Jioni ile fundi alisikia Kitinda akimwita mama yake. Sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka maji.

"Mama, mtoto ametulia ghafla. Alikuwa anacheza, akanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo."

Fundi alitupia jicho mezani. Taa ya stesheni ilikuwa nyekundu. Akaikodolea macho, na ilipogeuka kijani akasikia Kitinda akicheka upande wa pili. "Huyu hapa! Kanipiga teke la kuvunja mbavu."

Angependa kuamini kwamba ni bahati tu. Lakini kesho yake mchana ikawa vilevile, na keshokutwa, na kila mara taa ikisimama nyekundu stesheni, chumba kilijaa harufu ya chuma kilicholala majini, na upande wa pili binti yake alishika tumbo na kungoja. Mwishowe fundi alichomoa plagi ukutani. Taa zote zilizimika isipokuwa ile moja. Ilibaki inawaka, plagi iko mkononi mwake, waya unaning'inia.

Alimvuta mkewe mpaka jikoni, akafungulia bomba ili maji yafunike sauti zao.

"Mama Kitinda, mle ndani mna kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kinatembea kwenye reli. Kikifika stesheni, mtoto anatulia."

Mkewe hakubisha, na hilo lilimtisha fundi zaidi. "Nami nimekuwa nikisikia," alinong'ona. "Nikipanga nguo za mtoto nasikia kitu kinapapasa ukuta. Nilidhani ni wewe. Ngoja nimfuate Mama Chumvi."

Mama Chumvi aliuza mitumba asubuhi na kutoa majini jioni, na kazi zote mbili alizifanya kwa kelele zilezile. Siku hiyo hakupiga kelele. Alipitisha kiganja juu ya reli, akakirudisha upesi kama aliyegusa barafu.

"Fundi, taa nyekundu kwako maana yake nini?"

"Kwamba njia ina mtu."

"Basi unaniuliza nini mimi? Imeshakujibu." Akateremsha sauti. "Hawa hupita kila siku, wanatafuta pa kuingilia, hawapaoni, wanakwenda zao. Huyu umemtandikia njia. Na mwisho wa njia kaona mlango unaokaribia kufunguka." Akatazama ukuta, upande wa Kitinda. "Kesho narudi na wenzangu, tumtoe. Ila nisikilize vizuri. Ikiwa nyekundu, iache nyekundu. Hiyo taa ndiyo inayomzuia. Ukimpa kijani, umempa ruhusa."

Uchungu haukungoja kesho ya Mama Chumvi. Ulianza alfajiri, na kabla jua halijapanda Kitinda na mama yake walikuwa hospitali. Fundi alibaki mezani, simu sikioni.

"Umesimama," mkewe alisema. "Baba Kitinda, uchungu umesimama kabisa. Nesi anasema mapigo ya mtoto yanapungua. Huko ikoje?"

"Nyekundu. Haijatoka tangu mwondoke."

"Daktari anataka kumpasua, lakini chumba kina mgonjwa mwingine. Wanasema tungoje. Tungoje mpaka lini?"

Fundi alimpigia Mama Chumvi, akaambiwa yuko njiani na asiguse kitu. Akapiga tena hospitali. Safari hii alimsikia binti yake nyuma ya sauti ya mama yake. Hakuwa analia. Alikuwa anaita "Baba, Baba," polepole, kama alivyomwita utotoni alipokuwa na homa, na kila alipoita sauti ilikuwa mbali zaidi.

"Wanasema hawayasikii tena mapigo," mkewe alisema. "Mume wangu, fanya chochote. Chochote unachokijua, kifanye sasa."

Alichokijua kilikuwa kimoja: taa ikigeuka kijani, mtoto hucheza. Aliingia chini ya meza, akaushika waya wa taa ya stesheni, akaumenya kwa meno, akauunga moja kwa moja na ule wa kijani, na papo hapo meza ikalemewa juu ya kichwa chake kana kwamba mtu mzima amesimama na kupiga hatua, reli zikalia moja baada ya nyingine kuelekea ukutani, harufu ya chuma ikamjaa kooni mpaka akashindwa kumwita Mungu, na ukuta ukatoa mlio mdogo kama kitambaa kinachochanika, halafu pakawa kimya, kimya cha nyumba iliyohamwa, mpaka simu iliyoanguka sakafuni ikaanza kutoa kilio cha mtoto mchanga.

"Wa kike!" mkewe alikuwa anapiga kelele. "Wazima wote wawili! Unanisikia? Wote wawili!"

Mama Chumvi alimkuta angali chini ya meza, analia. Aligusa reli. Zilikuwa reli tu.

"Ameondoka?" fundi aliuliza.

"Hapa ameondoka." Aliziona nyaya zilizoungwa. "Umefanya nini, fundi?"

"Alikuwa mwanangu. Alikuwa ananiita."

Mama Chumvi aliketi kwenye stuli, akashusha pumzi. "Nami ningefanya hivyohivyo," alisema. Kisha akafunga mkoba wake. Alipoulizwa kama atakwenda kumwona mtoto, alijibu kwamba ana mzigo wa nguo haujafunguliwa, akatoka bila kugeuka.

Mtoto aliletwa nyumbani, mzuri, mnene, macho maangavu. Alinyonya vizuri. Watu walikuja kumtazama na kusifia jinsi asivyosumbua, maana tangu kile kilio cha kwanza hakulia tena.

Wageni walipoondoka, Kitinda alimwita baba yake kitandani.

"Baba, hebu msikilize anavyopumua."

Fundi aliinama, akaweka sikio kifuani pa mjukuu wake. Akamsikia anavuta pumzi ndefu, laini. Na kabla hajamaliza kuvuta, humohumo kifuani, chini zaidi, kulikuwa na mwingine anaishusha.

Kitinda alikuwa anamwangalia, amekunja ncha ya shuka kwenye ngumi, anangoja.

"Mafua tu, mwanangu," fundi alisema, wala hakuinua kichwa. "Mafua tu hayo."