Wali Usio na Moshi

Niwieni radhi mapema, hadithi hii nitaiharibu. Mimi kazi yangu ni kuchekesha watu jukwaani, na penye kulia hutokwa na kicheko kama mtu aliyekanyaga kuku. Waliojua kuisimulia wamekufa. Mmebaki na mimi, vumilieni.

Ilikuwa wakati wa vita vya Maji Maji. Mwantum binti Shaban alifika Kibiti wakati wa magharibi, akitoka Mbwara, ambako nyumba zilikuwa majivu. Mumewe, Tamimu, alikunywa dawa ya maji akaenda kupigana. Hakurudi yeye wala habari zake. Mwantum akashika njia kumtafuta. Njiani hakupata wa kuitika salamu yake, hata akaanza kujisalimia mwenyewe, akajijibu, akajiuliza na za nyumbani.

Kibiti palikuwa na nyumba mbili za wageni, zikitazamana, za kulala matajiri wa misafara. Siku hizi mngeziita hoteli za kifahari, mkapiga picha mlangoni. Ya kushoto ilikuwa giza, na ndani mwanamke akikohoa. Ya kulia ilikuwa na taa kila dirisha, vicheko, na harufu ya wali wa nazi.

Haya, ungekuwa wewe?

Ila jikoni hapakuwa na moshi. Mwantum aliliona hilo. Lakini aliyejisalimia njia nzima haulizi moshi.

"Hodi!"

"Karibu, Mwantum!"

Sauti ya Tamimu! Akaingia mbio. Mumewe alikuwa mkekani, amebanana na watu, sinia la wali katikati.

"Mume wangu! Mbona hukurudi?"

"Kaa ule kwanza, mke wangu."

Akatia tonge mdomoni. Halina chumvi. Hakushangaa; vitani chumvi ilikuwa adimu, na adabu ya mgeni ni kutoa alicho nacho. Akafungua pindo la kanga, alimofunga chumvi yake.

Vicheko vikakatika, kama chungu kilichofunikwa.

Kila mtoto wa Rufiji anawajua wasiokula chumvi: majini na wafu. Mwantum naye akawajua hapo, mkono ukiwa juu ya sinia, wale watu wakisogea nyuma wote kwa pamoja bila mkeka kutoa sauti, harufu ya nazi ikigeuka harufu ya makuti yaliyoungua, na taa zikiwaka bila kuangusha kivuli cha mtu yeyote ukutani isipokuwa chake.

"Funga pindo lako," Tamimu alinong'ona. "Ukitia, hutaniona tena."

"Wewe ni Tamimu, au umevaa sauti yake?"

"Sijui. Lakini hapa kuna watu, Mwantum. Huko nje una nani?"

Hakuwa na mtu. Vidole vikaanza kulifunga pindo. Ndipo ng'ambo ya njia kikasikika kile kikohozi, kikavu, cha kifua kinachouma. Maiti hakohoi.

"Nisamehe, mume wangu," akasema, akaimwaga chumvi yote.

Alijikuta amesimama kwenye majani, kati ya kuta zilizoungua zisizo na paa. Mlangoni pa nyumba ya pili alisimama mama mmoja, mkono kifuani. Ndiye Mwanabibi, mwenye nyumba.

"Walichomewa humo na askari, wageni wote," alisema. "Mumeo alikuwemo?"

"Alikuwemo. Mbona hukuniita, mama?"

"Sauti ikiita hapa, wao huiiga; kikohozi tu hawakiwezi. Nimekohoa mpaka nimechoka, mwanangu. Ingia. Uji una chumvi."

Mwantum akakaa kwa Mwanabibi mpaka vita vikaisha. Kila magharibi, ng'ambo, Tamimu alicheka na wenzake, kisha akanyamaza kama anayengoja kuitikiwa. Mwantum hakuitika. Alikohoa tu.

Ndiyo maana wazee wa kule walipopita penye kicheko, walitazama kwanza jikoni. Ninyi msiwalaumu majini, nilaumuni mimi: nimewachekesha tangu mlangoni msije mkaniacha peke yangu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kwangu kuna moshi.