Santuri ya Lori Mlimani

Jalada lilikuwepo. Santuri haikuwepo.

Inspekta aliliangalia jalada hilo ndani ya kabati la kioo, picha ya vijana watatu waliovaa sufuria vichwani, akashusha pumzi. Alikuwa mwanamke wa kesi nzito, mauaji na magendo. Leo kaletwa duka la muziki kutafuta sahani nyeusi.

"Kufuli ni zima, afande," alisema Koplo, akipitisha brashi ya alama za vidole. "Alama zimefutwa. Zimefutwa vizuri kuliko ninavyofuta meza yangu."

"Hilo si la kujivunia, Koplo."

Mwenye duka, bwana mnene mwenye masharubu yaliyochanwa, alikaa kwenye stuli kama mfiwa. "Ilikuwa nakala ya majaribio," alisema. "Kiwanda kilituletea hiyo moja tuisikilize. Tukiridhika, wanachapa nyingine."

"Muziki gani?"

Alijibu mmoja wa wale vijana wa jaladani, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinanda. "Tunanasa sauti za kawaida, afande. Mlango, blenda, mtu akipiga chafya. Tunazikatakata kwenye kompyuta, tunazipanga ziwe mdundo, halafu juu yake tunaweka kinanda cha umeme na kuimba."

"Kwa hiyo mnaimba juu ya blenda."

"Blenda ni wimbo wa pili."

"Na nyimbo zote bado ziko kwenye kompyuta?"

"Zipo, afande."

Inspekta akatulia. Basi mwizi alikuwa mtu aliyeamini kwamba santuri ikipotea, na wimbo umepotea. Si mwizi wa muziki huyo. Ni adui yake.

"Upi unapendwa zaidi?"

Mwenye duka akasahau msiba wake. "Lori Mlimani. Mpigie, Kinanda."

Kinanda akainamisha shingo upande, akabonyeza kompyuta. Spika zikanguruma, na mdundo ulikuwa mkoromo wa binadamu. Uliingia ukikwaruza, ukapanda, ukakwama kileleni, kisha ukateremka kwa mluzi. Nyuma yake kitu kililia kwii, kwii. Kinanda cha umeme kikapita juu kama malaika aliyepotea njia. Inspekta akajikuta anatikisa mguu. Akauzuia.

"Nani huyo?"

"Sauti tu," alisema Kinanda, akitazama viatu vyake.

"Mimi humcheka kila siku," alisema mwenye duka. "Huwaambia wateja, mume wa lori hili alipwe posho ya mazingira magumu. Mchumba wangu tu ndiye hacheki. Hana sikio la muziki, maskini."

"Funguo za kabati anazo nani?"

"Mimi, na huyo mchumba wangu. Fundi cherehani, mlango wa pili hapo. Lakini yeye mtoe kabisa, Inspekta. Tunafunga ndoa Jumamosi."

"Simtoi mtu kwenye uchunguzi kwa sababu ya keki. Kinanda, studio yenu iko wapi?"

"Nyuma ya chumba cha fundi. Yeye ni mama yangu mdogo."

"Ukuta wa katikati ni wa nini?"

Kinanda akarudisha macho kwenye viatu vyake. "Mbao, afande. Nyembamba."

Fundi alikuwa mwanamke mrefu, pini mdomoni, gauni la harusi likiwa nusu kwenye cherehani. Juu yake feni ilizunguka. Kila ilipofika upande wa dirisha, ililia kwii. Koplo akaanza kutikisa mguu.

"Feni yako inalia, fundi."

"Inanibembeleza. Nalala hapo nyuma ya pazia."

"Unakoroma?"

"Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima?"

"La kipolisi."

"Sikoromi."

"Umejuaje, na wewe umelala?"

Fundi akaanza kutoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

Dirishani palikuwa na mshubiri ndani ya chungu cheusi chenye ukingo uliojikunja kama marinda ya sketi. Inspekta akakiinua. Ubavuni kilizungukwa na mistari myembamba kama nywele. Chini, katikati kabisa, palikuwa na tundu dogo la mviringo. Udongo ukamwagikia viatu vya Koplo.

"Koplo, kielelezo."

"Na mmea, afande?"

"Mmea hauna hatia."

Fundi akakaa. "Nilitaka kuiangamiza hiyo santuri," alisema. "Nikaiweka chini ya pasi ya moto. Ila mkono umezoea kazi. Nikaitandikia kitambaa kwanza. Ikalainika, ikajikunja upande mmoja. Nikaona aibu kuiacha imepinda."

"Ukaisawazisha."

"Pande zote. Ikapendeza. Kuitupa nikashindwa. Mimi hata kipande cha bitana situpi."

"Kwa nini uliiba?"

Mlangoni walikuwa wamefika mwenye duka na Kinanda. Fundi aliwaona, akaendelea.

"Kila jioni nikienda kumsalimia huyu bwana, ananipigia mkoromo wangu mwenyewe, halafu anamhurumia mume wangu. Mume wangu ni yeye. Jumamosi usiku ningefanyaje? Nilishaanza kujizoeza kulala nimekaa. Nikasema, kabla ya harusi wimbo huu lazima ufe."

Masharubu ya mwenye duka yalicheza.

"Mama mdogo," Kinanda akanong'ona, "upo kwenye kompyuta. Kiwandani watachapa sahani nyingine."

"Nyingine ngapi?"

"Nyingi."

Feni ikalia.

"Nafuta mashtaka," mwenye duka alisema hatimaye, akishika kofia yake kwa mikono miwili. "Mpenzi, omba radhi tu, kidogo, mbele ya Inspekta, tuyamalize."

Fundi akachukua gauni lake, akatafuta alipoishia kushona.

"Huyu kijana nimwombe radhi kwa kuniibia usingizi wangu? Wewe nikuombe radhi kwa kunicheka? Nilipokoroma nilikuwa nimelala, sina la kujibu. Nilipopiga pasi nilikuwa macho, na wakileta sahani nyingine nitaipiga tena, dirisha lile bado lina nafasi. Harusi ni Jumamosi. Ukija, njoo na pamba za masikio. Lakini radhi, siombi."