Mkono wa Kuazima

Vestine si mtu wa kuzua mambo. Majirani zake wa mji wa Eagan, huko ughaibuni, wanamjua kwa sauti yake ya kwaya na kwa jinsi anavyompenda Shekinah, bintiye wa miaka sita, kama mboni ya jicho. Kwa hiyo aliposimulia haya, hakuna aliyecheka.

Alikuwa ameajiriwa kumtunza mzee Zachariah kule Lakeville, mji wa jirani. Ujanani mzee alicheza besiboli, na chumba kizima kilijaa kumbukumbu za enzi zake: magongo, glavu, mipira yenye sahihi za wachezaji wenzake. Kila asubuhi, baada ya kahawa na dawa, alitia sahihi mpira mmoja kwa ajili ya mjukuu mmoja. Walikuwa tisa. Tabu ni kwamba mkono wake ulitetemeka mno. Basi Vestine aliuweka wake juu, akaubana taratibu, na wakaandika pamoja: jina refu, na chini yake mstari uliopinda mwishoni kama mkia wa mjusi.

Jumanne mzee akafariki. Mipira mitatu ilibaki mitupu.

Baada ya mazishi, Fiona, binti wa mzee, alipiga simu akilia. “Vestine, wewe ndiye unayeujua mkono wake. Nimalizie hii mitatu. Sitaki hawa watoto wajue kwamba babu hakuwafikia.”

Mama Gentille, mama mkwe wa Vestine, aliyasikia yote akiwa jikoni. “Mutu akishakufa umuache,” alinong'ona. “Usimuazime mukono. Atakurudishia na nini?”

Vestine alicheka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kuhusu mkono hawakusema kitu. Akaenda nyumbani kwa mzee, ambako Fiona alimngoja.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua likimetameta kwenye theluji nje ya dirisha. Mpira wa kwanza aliuandika vizuri. Kwa wa pili mkono ulianza kutetemeka. Akadhani ni baridi. Kwa wa tatu ukatulia ghafla.

Kitu kilikuwa kimekaa juu ya mkono wake. Kizito. Cha baridi. Kikaubana taratibu, vilevile alivyokuwa akiubana wa mzee. Kalamu ikaenda. Si yeye aliyeisukuma.

Fiona aliitazama sahihi, akaubusu mpira. “Ni yeye kabisa,” alisema.

Jumamosi Vestine alikaa kumsuka Shekinah. Mtoto husikia Kiswahili vizuri, lakini hujibu kwa Kiingereza tu.

“Mommy, your hand is cold.”

Vestine aliondoa mkono wa kulia, akabaki na wa kushoto.

“Not that one. The other one.”

Aliondoa na wa kushoto. Mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani. Kichwani kwa mtoto, msuko mmoja ulikuwa bado unavutwa.

Tangu siku hiyo hakumgusa tena mwanawe. Hakumwogesha. Hakumshika mkono barabarani. Shuleni alipewa fomu ya kutia sahihi, akaandika jina la marehemu, pamoja na ule mkia wa mjusi. Kwa nafsi yake hakuogopa sana. Aliogopa tu kwamba kilichomshika kingehamia kwa Shekinah, na hofu hiyo ilimnyima usingizi na chakula.

“Ule muzee hajui kama alikufa,” alisema Mama Gentille. “Weye ulikuwa unamushika, enda umuambie weye mwenyewe.”

Akaenda makaburini mchana kweupe. Alipiga magoti kwenye theluji, akaweka kiganja juu ya jiwe.

“Mzee, umekufa. Mipira imeisha. Niachie mkono wangu.” Hakuna kilichobadilika. Baridi ilipanda hadi kwenye kiwiko. Hofu ikamtoa maneno ambayo hakuyapanga: “Tafuta mwingine wa kukushika!”

Papo hapo baridi ikamtoka, kidole kimoja kimoja. Mkono ukawa wake tena. Alilia ndani ya gari kwa furaha, akaendesha kurudi nyumbani akiwa na hamu ya kumshika mwanawe.

Shekinah alikuwa peke yake mezani, daftari mbele yake. Vestine alifungua mikono amkumbatie. Kisha akaona.

Mkono wa mtoto haukuwa umeishika kalamu. Ulikuwa juu kidogo, hewani, umekunjwa kama umefunika mkono wa mtu. Chini yake kalamu ilikuwa inaandika.

“Shekinah. Unafanya nini?”

Mtoto aliweka kidole mdomoni. “Shh, Mommy. I'm helping him.”

Daftari lile Mama Gentille alilichoma siku hiyohiyo. Meza wanayo bado. Ukipitisha kidole kwenye ubao, utazisikia herufi zilivyozama: jina refu la mzee Zachariah, na mstari wenye mkia wa mjusi. Umetulia vizuri kabisa. Hautetemeki hata kidogo.