Wewe Kwanza, Mir Saheb

Ndani ya ile ndege walikuwamo watu wawili, na aliyekohoa alikuwa wa tatu.

Mir Tasadduq, mwalimu, alimsikia vizuri. Ilikuwa ndege ya kufundishia ya zile za mwanzo, mabawa ya kitambaa moja juu ya jingine, mwalimu mbele, mwanafunzi nyuma, na kati yao mpira mrefu wa kusemeana kutoka mdomo wa huyu hadi sikio la yule. Kikohozi kilipita humo, kikavu, kikafuatwa na harufu ya udongo mbichi.

"Nawab Saheb, kifua hakijambo?"

"Changu? Nilidhani ni chako, Mir Saheb. Niwie radhi kwa kudhani."

"Uniwie wewe, kwa kuuliza."

Wakaombana radhi mpaka ndege ikapinda. Ndivyo walivyo waungwana wa Lucknow, mji wa Bara Hindi: wawekee wawili mlango mmoja, watakesha kizingitini, huyu "wewe kwanza," yule "haiwezekani, wewe kwanza," na chai inapoa ndani. Wanauita ustaarabu. Mafundi wa uwanjani, waliokwisha kulalamika kwamba njia ya kurukia imepita juu ya kisima kilichofukiwa, chenye majini, waliuita kwa jina lisiloandikika.

Huyo mwanafunzi, Nawab Dilbar, alikuwa mtu mzima mwenye tumbo kubwa na akili ya kukopa. Alijifunza urubani kwa sababu binamu yake alikuwa amejifunza. Hapakuwa na sababu nyingine.

Walipofika juu ya mto Gomti injini ikapiga chafya na pua ya ndege ikainama. Mwalimu yeyote mwenye kichwa angeushika usukani pale pale. Mir Tasadduq akaona haya kumpokonya mtu mkubwa kama nawabu kitu mkononi.

"Nawab Saheb, ukiniruhusu, niushike?"

"Ushike! Au ungependa niushike mimi?"

"Ukitaka, wewe kwanza."

"Nimtangulie mwalimu wangu? Wewe kwanza."

"Nimeushika," ikasema sauti ndani ya mpira, taratibu.

Kila mmoja akadhani ni mwenzake, kila mmoja akaachia kwa heshima, na ile fimbo ya usukani ikaanza kusogea yenyewe mbele, polepole, kama inayosukumwa na mkono wenye muda mwingi, huku harufu ya udongo ikijaa puani na waya za mabawa zikilia na mashamba ya haradali yakipanda kuwafuata, na Mir Tasadduq, aliyekwisha kuiona ile fimbo na kuelewa, akawa bado anatafuta namna ya kusema jambo hilo bila kumkwaza mtu.

Nawab Dilbar alitolewa maiti, mikono ameikunja mapajani. Mir Tasadduq alivunjika bega tu. Mabwege wana bahati.

Aliporudi kwake, ikawa kila jua likizama, akifika mlangoni, ule udongo unanuka nyuma ya shingo yake, na sauti ya Nawab inamwambia: "Wewe kwanza, Mir Saheb." Alikuwa akikimbilia ndani bila kugeuka, jasho likimtoka. Mkewe, Qudsia Begum, akamwita mganga, Bi Ladli, bibi mkali wa ulimi, naye akafukiza mbegu za harmali, za kufukuzia majini, nyumba nzima mpaka wote wakatokwa na machozi.

"Huyo si Nawab," akasema Bi Ladli. "Nawab amezikwa, amepumzika, na sisi tumepumzika. Huyu ni wa kisimani, amejifunza maneno yenu. Haingii bila kukaribishwa. Akisema wewe kwanza, pita, mfungie mlango usoni. Usimjibu! Ukimkaribisha, ataanza na mdogo wa nyumba."

"Nimfungie mtu mlango usoni?"

"Jini, mpumbavu wee! Jini!"

"Baba Mehru," Qudsia Begum akanong'ona, "ni mwanao huyo. Kuwa mshenzi mara moja tu. Kwa ajili ya Mehru."

Akaapa. Tena aliapa kwa machozi, kwa kuwa Mehru ndiye mtoto wao pekee na alimpenda kuliko roho yake. Ukweli huo tusimnyime.

Jioni hiyo alirudi na kashata za ufuta alizomnunulia binti yake. Nyuma ya pazia la mlango alimsikia Mehru akicheka na mwanasesere wake. Udongo ukanuka.

"Wewe kwanza, Mir Saheb."

Akaung'ata ulimi. Akainua mguu.

"Tafadhali," sauti ikasema, nyororo, iliyojaa unyenyekevu. "Mimi ni nani hata nikutangulie?"

Lo! Mguu ukabaki hewani. Alilijua jibu la Bi Ladli, alilijua jina la mwanawe, alijua kila kitu, lakini hakuna aliyewahi kuambiwa neno zuri namna ile katika ukoo wao akanyamaza, wala babake, wala babu yake, na kabla hajajizuia shingo ilikwisha kuinama yenyewe na mkono ulikwisha kuonyesha mlango.

"Hapana, hapana, haiwezekani. Wewe kwanza."

Katika Lucknow yote hakuna mtu anayekubali papo hapo.

"Ahsante," ikasema sauti.

Pazia likainuka, likashuka. Ndani, kicheko cha Mehru kikakatika. Kisha mtoto akakohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima.