Bangili-Tabibu ya Somoe

Jumamosi, tarehe 12 Juni, mwaka 2094, mjini Lindi, bangili-tabibu ilipima damu ya Somoe bila sindano, kisha ikapenyeza homoni ya ukuaji chini ya ngozi yake. Somoe, mwenye miaka kumi na mmoja, alizaliwa na hali ya Turner: alikuwa na kromosomu moja tu ya X badala ya mbili. Ndiyo maana alikuwa mfupi, moyo wake ulichunguzwa mara kwa mara, na ovari zake zisingeweza kumfanya avunje ungo bila msaada. Daktari alipanga kukuza kimo kwanza, kisha homoni ya kike iingie kidogo kidogo.

Mama yake, Esha, aliuheshimu mpango huo hadi wifi yake Tabia alipoingia akipiga vigelegele.

"Wifi, Salha wangu kavunja ungo! Likizo ya Desemba anachezwa unyago. Huyu wako je, bado mnamnunulia gauni za chekechea?"

"Wangu naye Desemba hiyohiyo," Esha alijibu kwa wivu.

Tabia alipoondoka, Esha aliinamia bangili. "Fungua homoni ya kike. Kipimo kikubwa."

"Kipimo hicho kitafunga mifupa mapema, hatarefuka tena," bangili ilisema. "Daktari ameridhia?"

"Ameridhia."

"Mama, hajasema hivyo!" Somoe alishtuka. "Nataka nirefuke, nifikie usukani wa chombo cha mwezini."

"Nyamaza! Salha achezwe peke yake, mimi nikawapikie wageni wa shangazi yako?"

Desemba ilipofika, Somoe alichezwa pamoja na Salha. Alikuwa ameota matiti, na Esha alicheza ngoma mpaka kanga ikamdondoka.

Miaka miwili baadaye, daktari aliitazama picha ya mifupa ya Somoe.

"Imefunga," alisema kwa upole. "Chuo cha marubani hakitampokea kwa kimo hiki. Nani aliyeruhusu?"



"Mama alikuwa anashindana na shangazi," Somoe alisema. "Nimeshindwa mimi."

Ndugu msomaji, ukimjua mama mwenye binti asiyerefuka kama wenzake, msomee habari hii. Mwambie ampeleke akapimwe mapema, tena amwache akue kwa mwendo wa mwili wake, si kwa mwendo wa ngoma ya wifi.