Nilipeleka Jiko, Mke Wangu Akabeba Lawama

Ndugu msomaji, kama uliwahi kunyamaza huku ukweli unaujua, kisa hiki kinakuhusu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, fundi umeme, Mhehe wa Kilolo niliyehamia Mbeya, maeneo ya Uyole. Ukiniuliza kama nina mke, sijui nikujibuje... Ninaye, na sina.

Naandika haya kwa aibu. Wengine huandika kwa sababu wametendwa. Mimi nimetenda!

Miaka michache iliyopita nilipata kibarua kwenye nyumba moja ya wageni wa kitalii, tukafunga mfumo wa kupasha joto nyumba nzima. Moto wa kuni unawaka nje kwenye boila, tangi la kuchemshia maji, pampu ya umeme inasukuma maji ya moto kwenye mabomba, na maji yanapita kwenye vyuma vya ukutani ambavyo sisi tuliviita rejeta. Anayeiamuru pampu ni themostati, kidude kidogo cha ukutani kinachopima joto. Joto likitosha, kinazima pampu. Lakini kinapima chumba kile tu kilimofungwa, na vyumba vingine vyote vinafuata hukumu yake. Hilo nililijua vizuri, msomaji. Sina pa kujificha.

Baadaye wenye nyumba walipobadilisha vifaa nikapewa vile vya zamani, nikavifunga kwangu. Sababu ilikuwa mama. Baba alipofariki nilimtoa Kilolo nikaja kuishi naye, na kifua chake hakikupatana na baridi hata kidogo. Anayeijua Uyole ya mwezi wa saba hahitaji maelezo. Kila asubuhi mama alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na mke wangu akamshika mgongo.

Waya wa themostati niliuvuta kwanza hadi chumbani kwa mama. Ndipo palipokuwa mahali pake! Kisha shetani wa majivuno akaniingia. Nikajiuliza, huku ndani nani atakiona? Nilitaka kazi za watu wenye majumba. Nilitaka mgeni akiingia tu akione kile kioo chake kinachowaka namba. Nikauchomoa waya, nikakifunga sebuleni, kando ya televisheni.

Sasa sisi watu wa nyanda za juu tuna tabia yetu. Mkimaliza kupika jioni, jiko la mkaa linaingia sebuleni na watu wanalizunguka kuota moto. Rejeta hazikuiondoa tabia hiyo. Wageni walizishika, wakazisifu, halafu wakauliza, "Jiko liko wapi?" Na mimi sikuwa na ubavu wa kuwanyima. Basi jiko likiwaka na watu wakijaa, themostati iliamini nyumba nzima imepata joto, ikazima pampu. Chumbani kwa mama chuma kikapoa kama jiwe la mtoni.

"Mwanangu, hiki chuma chako kimelala tena," mama aliniambia.

Nikamwonyesha namba. Nikamwambia mashine haidanganyi, huo ni uzee tu. Hebu fikiria! Mwanamke aliyenibeba mgongoni kwenye ukungu wa Kilolo, namwambia hajui baridi ni nini!

Mke wangu, mama wa binti yetu Neema aliyekuwa shule ya bweni, alinishauri kwa upole. "Baba Neema, si ukihamishie kwa mama? Yeye ndiye mwenye baridi." Nikamjibu apike, mambo ya umeme aniachie mimi. Akarudi jikoni.

Jioni moja alikuja mfanyabiashara wa mchele kutoka Igawa, mtu mzito, anajenga nyumba kubwa hapa Mbeya. Alikuja na wenzake watatu kuona kazi yangu. Nikaeleza, nikajigamba, nikabonyeza vitufe ambavyo havikuhitaji kubonyezwa. Jiko lilikuwa katikati yetu linawaka. Ghafla mama akatokea mlangoni amejifunga blanketi, anatetemeka.

"Mwanangu, kule ndani naganda."

Mgeni akacheka. "Fundi, mbona bibi anaganda kwenye nyumba ya joto?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka... lakini moyoni niliwaka hasira. Nilimwonea aibu mama yangu mzazi! Nikamrudisha chumbani, nikaenda jikoni, nikabeba mwenyewe jiko la pili lililokuwa na mkaa mpya. Mke wangu akanionya, "Usifunge mlango, Baba Neema. Mkaa huo haujakolea." Nikamwitikia kuwa nimesikia.

Nililiweka karibu na kitanda. Nikafunga dirisha. Nikafunga na mlango. Unajua kwa nini, msomaji? Ili kikohozi chake kisifike sebuleni.

Wageni waliondoka wakiwa wamekubali kunipa kazi. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Tulipokuwa tunakwenda kulala, mke wangu akaniuliza kama nimelitoa lile jiko. Nikamwambia nimelitoa. Nilichoka, nikadhani litakuwa limeshakuwa majivu. Uongo mdogo tu, wa mtu anayetaka usingizi...

Asubuhi mama hakuamka. Daktari alisema ni hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Alisema watu wengi hawajui kuwa inaua bila harufu wala kelele. Mimi nilitikisa kichwa kama mmoja wa hao wasiojua.

Tulimsafirisha kwenda Kilolo. Nyumbani pale ukoo ulikuwa umekusanyika, na dada yangu mkubwa, Dada Ester, aliuliza mbele ya watu wote, "Nani alimwekea mama jiko chumbani?"

Kwetu mwanaume habebi jiko. Hata kulisogeza kwa mguu ni kazi. Macho ya watu wote yakaenda kwa mke wangu, hakuna aliyenitazama mimi. Yeye peke yake ndiye aliyenitazama. Alinitazama kwa utulivu, bila kunikazia macho, kama mtu anayempisha mwenzake apite mlangoni kwanza. Alikuwa ananipisha niseme.

Nikaangalia viatu vyangu.

Ee Mungu wangu! Neno moja tu, "mimi," lingetosha. Sikulitoa. Dada akaanza kulia na kumtukana, akina mama wakamzuia. Mke wangu alisema tu, "Naomba Mungu awaonyeshe," akakaa chini.

Makaburini mchungaji aliwaita wanafamilia kuweka udongo. Mke wangu akainama, akachota. Dada Ester akamziba njia. "Wewe ulishamzika. Kaa pembeni!" Mke wangu akarudi nyuma na udongo wake mkononi. Na mimi, msomaji, mimi nilisogea, nikaweka wa kwangu kama mtoto mwema. Wazee walinipa pole, wakanisifu kwa jinsi nilivyomtunza mama.

Siku ya kuondoka mke wangu alipanda basi peke yake, akashukia Chimala kwao. Sikumlaumu. Nilirudi Uyole kwenye nyumba ambayo kila ukuta wake ulikuwa na kazi ya mikono yangu, na sikuweza kukaa hata kwenye kiti kimoja kwa amani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilijiumbua pole pole. Nikaacha kazi ya yule mgeni. Nikaacha kanisa, maana mahubiri yote yalikuwa yananihusu. Dada alipiga simu kunifariji, akaniambia, "Namshukuru Mungu umeachana na yule muuaji." Niliitikia, "Ndiyo, dada." Niliitikia!

Ndipo nikaenda Chimala. Mke wangu alinipokea vizuri, akanipa kiti uani, akaniletea maji. Nilipiga magoti, nikakiri yote, nikalia. Alisubiri nimalize.

"Kwa hiyo unakumbuka," alisema. "Nilidhani umesahau."

Nikamwomba anisamehe. Akaangalia huku na huku, pale uani hapakuwa na mtu.

"Baba Neema, mimi niliitwa muuaji mbele ya ukoo mzima. Wewe unakuja kuniomba msamaha tukiwa wawili na kuku?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema yeye mwenyewe siku ile.

"Nani angeniamini? Tena nilikuwa nakusubiri wewe. Mpaka basi linaondoka nilikuwa nakusubiri."

Sikulala Chimala. Nilikwenda moja kwa moja Kilolo, nikamwomba baba mdogo aitishe kikao cha ukoo. Nilisimama mbele yao nikasema yote, themostati, mlango, dirisha, kikohozi cha mama, na ule uongo wa kitandani. Dada Ester aliuliza swali moja tu, "Na mkeo alijua kuwa ni wewe?" Nikasema alijua. Dada akavuta khanga akajifunika uso. Baadaye alipiga simu Chimala mwenyewe, na kilio chake kilisikika mpaka nje.

Mke wangu alikuja. Yeye na dada walikwenda kaburini wameshikana mikono. Mimi nilisimama mbali, ingawa sikukatazwa. Nilimwona akiinama, akachota udongo, akauweka. Alikaa pale muda mrefu akizungumza na mama mambo ambayo sitayajua kamwe.

Alipopita karibu yangu alisimama, akanipa mkono kama wageni wanavyopeana.

"Pole kwa msiba, Baba Neema," alisema. Akaondoka kuwahi basi la Chimala. Hajarudi Uyole, na simlaumu.

Ndugu zangu, mnaoishi kwenye baridi kama sisi, msimfungie mtu chumbani na jiko la mkaa, hata kwa dakika chache, hata mnayempenda. Na kama kuna mtu anabeba lawama yako leo hii, usimfuate uani kumnong'oneza. Nenda palepale alipoaibishwa, mbele ya watu walewale, useme ni wewe. Nenda leo, wakati bado anakusubiri.