Somo la Profesa Hartwig

Kwanza ilikuja harufu ya sufu mbichi, kama blanketi lililolowa, katika nyumba ambamo kila kitu kilikuwa kikavu. Kisha Exaucée, mtoto wa miaka saba, akaacha kuchambua mchele, akasema kwa sauti ya mzee:

"Nilizaliwa Ujerumani mwaka 1712, mtoto wa mchungaji. Mimi ni Profesa Hartwig."

Mama yake, Kaswera, alilijua jina hilo. Mumewe Augustin, mwalimu wa historia, alizoea kusoma habari za profesa huyo kwa sauti hapo sebuleni, hadi asubuhi moja, siku chache kabla, alipovuka mto kwenda Lubunga na mabomu yakaanza kuanguka Kisangani. Hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Basi Kaswera, kwa kumheshimu mgeni, akakosea.

"Karibu, professeur. Endelea."

Akaendelea. Mizinga ikinguruma, alisimulia jinsi alivyofundisha habari za wafalme nyumbani kwake, jinsi wanafunzi walivyojaa hadi mlangoni, jinsi vita vilivyowachukua mmoja mmoja, naye akabaki akivifundisha viti vitupu, akikohoa, akizeeka. Na kadiri alivyozeeka, ndivyo vidole vya mtoto vilivyokunjamana na pumzi yake ikakwaruza kifuani.

Jirani yao Yusufu, aliyezoea kuwasomea wagonjwa Kurani, alichungulia dirishani, akanong'ona:

"Mama Exaucée, amefika wapi kwa hadithi yake?"

"Iko kwa kitanda. Anasema miguu imekuwa baridi."

"Ya Rabi! Akifika kwa kifo chake, mutoto anaenda naye. Huyu jini anaishi kwa masikio ya watu. Umuachie viti vitupu. Toka!"

"Nimuache mutoto wangu, na mabomu hii?"

"Toka, mama. Usimusikilize tena."

Kaswera alishika rozari, akakanyaga kizingiti. Nyuma yake sauti ikabadilika. Ikawa ya Augustin, pamoja na kicheko chake kidogo.

"Kaswera, hutaki kujua nilifia wapi? Keti, nikuambie."

Duniani hakutaka kitu kingine. Alifungua kinywa amjibu, kikatoka "Salamu Maria", akaisali kwa kelele hadi sauti ile ikazama, akatoka uani chini ya mabomu.

Kisha kutoka ndani kilio chembamba cha mtoto:

"Mama, niko na njala!"

Exaucée sasa ni mtu mzima. Kila mwaka Kaswera humwombea Augustin misa, bila kaburi la kuweka maua. Na nyumbani kwake redio haizimwi. Ikizimwa, sebuleni mtu huvuta kiti taratibu, akasafisha koo.